Mkaa wa Kupandia Maua

Kila baada ya miezi miwili au mitatu mimi hununua gunia la mkaa usiopikiwa. Muuzaji hulileta kwa baiskeli asubuhi na mapema, hulitua karibu na mlango wa uani, nami hukaa juu ya kigoda nikiuponda mkaa ule kwa nyundo mpaka upatikane vipande vya kadiri ya yai la kuku. Kisha huviosha kwa maji mara tatu ili majivu na chumvi zake zitoke, na kuvianika juu ya bati. Majirani wamekwisha zoea. Zamani walikuwa wakimwuliza mke wangu kama ni kweli mzee anawapikia maua. Yeye mwenyewe anapikia gesi siku hizi, na gesi ikimwishia maharage yakiwa nusu hana pa kukimbilia ila gunia langu. Amekwisha niapia kwamba ipo siku atakoka moto kwa vikapu vyenyewe, na okidi zikiwa ndani.

Okidi zangu nyingi ni za miti. Haziishi ardhini, wala hazimnyonyi anayezibeba kama wafanyavyo virukia; hukaa tu juu ya gome, zikinywa mvua na umande, na kupata chakula kidogo katika vumbi na majani makavu yanayoangukia mizizi yao. Ukizipanda katika udongo zitaoza. Zinataka kitu kinachopitisha hewa, kinachoshika unyevu kidogo na kuuachia upesi, na kisichooza. Watu wa pwani hutumia makumbi ya nazi. Hapa Tabora makumbi ni bidhaa ya safari, lakini mkaa upo kila njia panda. Nilikuwa nimeutumia kwa miaka kadhaa ndipo siku moja, nyundo ikiwa mkononi, nikaona katika kipande kimoja alama za gome nililolifahamu vizuri. Ulikuwa mti wa mtundu. Na okidi niliyokuwa nikitaka kuipanda asubuhi ile, huko porini huota juu ya mtundu.

Tangu siku hiyo siwezi kuponda mkaa bila kuwaza, na mawazo hayo ndiyo yaliyonifanya niandike kurasa hizi.

Nilianza mwaka 1994. Kazi yangu ilikuwa upimaji wa ardhi, na tulikuwa tukipima mipaka ya mashamba kusini ya mji, upande wa Sikonge, mahali ambapo miombo ilikuwa bado imefungamana. Mpima ardhi hutazama chini na mbele. Juu haangalii ila akitafuta mwanya wa kupitishia darubini yake. Kwa hiyo nilikuwa nimepita chini ya okidi miaka mingi bila kuziona. Siku ile nikaiona moja kwa sababu mti ulikuwa umelala. Kijana mchoma mkaa alikwisha ukata vipande na kuvipanga katika tanuri, anaanza kuvifunika kwa majani na udongo, na juu ya gogo moja palikuwa na kichaka cha ajabu: mashina ya manjano kama vipande vya miwa, na chini yake mizizi myeupe iliyosimama wima kama sindano, imejaa majani makavu. Juu ya mashina yale yalikuwapo maua ya manjano yenye madoa ya kahawia. Ilikuwa Septemba, mvua bado, miti ndiyo kwanza inatoa majani yake mekundu.

"Bwana mpima," kijana aliniambia, "hilo ni lidude tu. Haliungui, linatoa moshi."

Nilimwomba anipe. Alicheka, akalibandua kwa panga, akanisaidia kulibeba mpaka garini. Hakutaka hata senti moja.

Baadaye nilijifunza kwamba lidude lile huitwa Ansellia africana, na kwamba watu wengi huliita okidi ya chui kwa ajili ya madoa yake. Jina limetokana na John Ansell, mtunza bustani Mwingereza aliyeikuta mwaka 1841 katika kisiwa cha Fernando Po, ambacho leo ni Bioko. Mizizi ile ya sindano ni kapu la kuzolea majani: okidi hujitengenezea mboji yake huko huko juu. Niliifunga kwa kamba ya katani katika mwembe wa uani. Mama mmoja jirani akaja kutazama, akaniuliza ni dawa ya nini. Nikamjibu kwa mzaha, "Ya macho tu, mama." Nilijuta. Hata wiki mbili hazikupita akaja mzee wa watu, macho yamevimba, ameshikwa mkono na mjukuu wake, anataka dawa. Ilinibidi niwatafutie nauli ya kwenda hospitali, na tangu hapo mzaha kuhusu mimea nimeuacha.

Ile okidi ilikaa miaka miwili kimya, na mwaka 1997 ikachanua. Kuanzia hapo nilikuwa mtu aliyepotea. Kila palipokatwa mti nilikuwapo, nikiokota. Warina asali walinisaidia zaidi kuliko mtu mwingine yeyote, maana wao hupanda miti kutundika mizinga ya magome, na kila walichokutana nacho huko juu walikifahamu. Tawi likivunjwa na dhoruba, waliniletea.

Mwembe mmoja haukutosha, ndipo nikajenga banda. Watu wakisikia nyumba ya okidi hufikiri nyumba ya vioo, kama za Ulaya, ambazo kazi yake ni kufungia joto ndani. Joto hapa tunalo. Tabora iko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, mvua zake ni za Novemba mpaka Aprili, na baada ya hapo ni miezi ya ukavu mtupu. Ifikapo Oktoba midomo hupasuka na milango ya mninga hulia. Kwa hiyo banda langu ni la kuzuia: neti ya kivuli juu na kandokando, matete upande wa magharibi, na nailoni upande wa mashariki unakotoka upepo wa kiangazi. Ni mita 3 kwa 4. Chini nimemwaga kokoto, na juu ya kokoto ipo mitungi 6 ya udongo iliyojaa maji. Mitungi hiyo hutoka jasho mchana kutwa, na ni jasho hilo linaloziweka okidi hai.

Miaka ile maji ya bomba yalikuwa ya mgao. Nakumbuka Oktoba moja ambayo ndoo ya mwisho ilibidi iamuliwe kati ya watoto kuoga na okidi kunywa. Watoto walifurahi sana. Mama yao hakufurahi, na haki ilikuwa yake, kwa sababu nilikuja kutambua kwamba hata zile ndoo nilizokuwa nikizimwaga zilikuwa zinaua. Okidi za miombo hulala wakati wa kiangazi. Nyingine hupukutisha majani yote zikabaki mizizi. Mimi nilizihurumia, nikazinywesha zikiwa usingizini, zikaoza. Nadhani zaidi ya kumi zilikufa kwa huruma yangu kabla sijajifunza kuziacha zione njaa.

Picha nilianza kupiga kwa sababu ya ubishi. Ndugu yangu mmoja wa Dar es Salaam hakuamini kwamba okidi zinaota Unyamwezi. Kwake yeye okidi ni ua la mezani hotelini. Nikanunua kamera iliyotumika. Lenzi ya kupigia vitu vidogo ilikuwa ghali kuliko mshahara wangu wa miezi kadhaa, lakini mpiga picha mmoja wa mjini alinifundisha ujanja: ichomoe lenzi ya kawaida, igeuze nyuma mbele, uishikilie kwa mkono mbele ya kamera. Kitu cha ukubwa wa punje ya mchele kitajaa picha nzima. Shida ni kwamba ukipumua tu, ua limekwenda na maji. Filamu ya picha 36 nilikuwa nikiimaliza kwa miezi mitatu, na nikipata picha 4 za kuonyesha watu nilimshukuru Mungu.

Nyuma ya ua hutundika kaniki, maana weusi wake hauna mng'ao, na jua likizidi hulichuja kwa kipande cha merikani. Nilifanya hivyo kwa sababu ndivyo vitambaa nilivyovikuta nyumbani. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba hivi viwili ndivyo vilivyokuwa fedha ya barabara yetu. Katika karne ya 19, misafara ilipokuwa ikitoka Bagamoyo kupitia hapa Unyanyembe kwenda Ujiji, posho ya wapagazi na hongo ya watemi vililipwa kwa merikani, kaniki na shanga. Merikani ilifumwa Marekani, na jina lake linasema hivyo hivyo.

Katika okidi zangu zote, niliyoipiga picha zaidi ni moja iliyoniletewa na mrina asali mwaka 1999 ikiwa juu ya tawi lililovunjika. Majani yake ni manene, ya kijivujivu, na mizizi yake ni minene kama penseli. Humo ndimo inamoweka akiba ya kiangazi. Mvua za kwanza zikishanyesha hutoa maua meupe kabisa, na nyuma ya kila ua huning'inia mrija mwembamba kama mkia. Niliupima kwa rula: sentimita 17. Mchana ulinuse ua hilo hupati kitu. Ikifika saa moja jioni harufu huanza polepole, na saa tatu banda zima limejaa, mpaka ndani ya nyumba wanajua kwamba imechanua.

Jina lake la kitaalamu ni Aerangis verdickii. Verdick alikuwa ofisa wa Kibelgiji huko Katanga katika miaka ya 1890. Nilipolisoma jina hilo nilimkumbuka Msiri, mtu wa huku kwetu Unyamwezi aliyefuata njia ya shaba mpaka Katanga, akajenga himaya ya Garenganze, na kuuawa mwaka 1891 na msafara uliokwenda kumtwalia nchi Mfalme Leopold. Ua lilikuwa likiota pande zote mbili kabla ya Msiri na kabla ya Leopold, bila kuuliza mpaka uko wapi. Jina limebaki la ofisa.

Ule mkia una kazi. Mwishoni kabisa ndani yake mna tone la maji matamu, na hakuna mdudu awezaye kulifikia isipokuwa nondo wa usiku mwenye ulimi mrefu kama mkia wenyewe. Akiingiza ulimi, chavua humnata, naye huipeleka ua jingine. Mwaka 1862 Charles Darwin aliandika habari za okidi ya Bukini yenye mkia wa karibu sentimita 30, akasema lazima yupo nondo mwenye ulimi wa kutosha. Watu walimcheka. Nondo huyo alipata jina lake kwa wataalamu mwaka 1903, Darwin akiwa kaburini miaka 21.

Nilipoyasoma haya nilikwenda kusimama bandani usiku. Banda langu lina neti. Kila jioni ua lile lilikuwa likiita, na hakuna aliyekuja ila mimi na kamera yangu. Nikafungua neti ya upande mmoja, nikazima taa za uani, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa usiku tatu. Walikuja mbu. Pengine taa za mji zimewapoteza nondo, pengine wapo na hawapiti kwangu. Nilichojua ni kwamba nilikuwa nimeokoa mmea, na kilichoufanya uzae kilikuwa kimebaki porini.

Nilijaribu kuwa nondo mimi mwenyewe. Kwa kijiti cha kuchokolea meno nilihamisha chavua kutoka ua moja kwenda jingine, na baada ya miezi mingi nikapata ganda lenye mbegu. Mbegu za okidi ni vumbi. Hazina chakula ndani yao. Porini husubiri aina fulani za kuvu ziziingie na kuzilisha, na kuvu huyo huishi katika magome na mizizi ya huko kwao. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kwamba zinaweza kuota ndani ya chupa bila kuvu, zikilishwa sukari na chumvi juu ya ute mgumu wa mwani. Kwa sufuria ya presha ya mke wangu nilichemsha chupa 24. Zote ziliota ukungu: wa kijani, mweusi, hata wa rangi ya waridi ambao, nikiri, niliupiga picha. Okidi haikuota hata moja.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa kupapita haraka.

Katika njia ya zamani ya misafara bado imesimama miembe mikubwa. Wazee husema iliota kwa kokwa za watu wa misafara, na wengine husema Waarabu waliipanda kwa makusudi wapate kivuli. Chini ya miembe ya namna hiyo walipita wafanyabiashara na wapagazi, na walipita watu waliofungwa minyororo. Si miti ya kuitazama kwa furaha tupu. Kule Kwihara, karibu na mji, Livingstone alikaa kuanzia Februari mpaka Agosti 1872 akingoja wapagazi ambao Stanley alikwenda kumtumia kutoka pwani. Mwembe wenyewe ni mgeni, asili yake ni Asia. Lakini miombo ilipoanza kukatwa kwa ajili ya mkaa na kukaushia tumbaku, mwembe uliachwa kwa sababu ya matunda yake, na okidi zinazoweza kuhama zikahamia kwake. Mahali pengine nilikuta pori lote limekwisha na mimea ya asili imebaki juu ya mti wa kigeni.

Juu ya mmoja wa miembe hiyo, mahali nisipopataja, mwaka 2003 nilikuta okidi isiyo na majani. Wataalamu huziita Microcoelia. Ni fundo la mizizi ya kijivu lililobandika kwenye gome, na ukilinyunyizia maji mizizi yote hubadilika kuwa kijani mbele ya macho yako, kwa kuwa mizizi hiyo ndiyo inayofanya kazi ya majani. Maua yake ni madogo, meupe, kama punje za mchele zilizopangwa kwenye uzi. Nilikuwa nimeitafuta miaka mingi.

Mti haukuwa umeanguka. Hapakuwa na shoka wala tanuri karibu. Nilipanda, nikaibandua pamoja na gome lake kwa kisu, nikaifunga katika kitambaa chenye maji, nikaenda nayo. Njiani nilikuwa nikijiambia maneno yaleyale niliyowaambia watu miaka tisa: kwamba mwembe huo siku moja utakatwa, kwamba kwangu itakuwa salama. Nilipata picha zake nzuri kuliko zote nilizopata kupiga kwa lenzi ya kugeuza. Baada ya miezi minane ilikufa. Mizizi iliyokatwa haikushika tena, na mmea usio na majani hauna kingine cha kutegemea. Mwembe bado umesimama. Nimepita chini yake mara nyingi, na kovu la kisu changu lilikuwa likionekana kwa miaka mingi.

Zile za tanuri niliziokoa. Hii niliiiba, na neno jingine sina.

Lililofuata lilikuwa baya zaidi, ingawa kisu hakikuwa changu. Mwaka 2009 nilialikwa kuonyesha picha zangu katika sherehe ya shule moja. Nilitundika picha 40, na chini ya kila picha, kwa mazoea ya kazi yangu, niliandika mahali: kijiji, umbali kutoka barabarani, upande wa dira, aina ya mti. Niliona fahari. Nilikuwa nimesoma kwamba James Grant, aliyepita hapa na Speke mwaka 1861, alikusanya mimea njia nzima, na orodha yake ikachapishwa London katika miaka ya 1870. Mtaalamu wa mimea atakuambia kwamba ua lisiloandikwa mahali lilipotoka ni nusu ua. Alikuwapo mtu mmoja mstaarabu aliyekaa saa nzima akinakili katika daftari. Nilimletea kiti.

Baada ya masika nilirudi katika pori mojawapo kati ya yale niliyoyaandika. Miti ilikuwa imesimama, lakini miti sita ilikuwa imekwanguliwa gome kuanzia tawi la kwanza mpaka juu, kwa uangalifu, na chini palikuwa na vipande vya kamba mpya. Siwezi kusema ni yule wa daftari. Pengine ni mwingine aliyeelekezwa na mwingine. Maelekezo yalikuwa yangu, na yalikuwa sahihi, maana mimi ni mpima ardhi.

Okidi huchukuliwa kwa sababu nyingi. Za ardhini, katika Nyanda za Juu Kusini, huchimbwa viazi vyake kwa mamilioni na kuvushwa Zambia, ambako hupondwa na karanga kuwa chakula kiitwacho chikanda. Kitulo ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na kulinda maua yale ilikuwa sababu mojawapo. Huyo anayechimba ana njaa au ana ada ya shule. Za miti, zenye madoa na harufu, huchukuliwa na watu kama mimi. Okidi zote zimo katika mkataba wa CITES wa mwaka 1973, na kuzipitisha mpakani bila kibali ni kosa, lakini mkataba haukai juu ya mti.

Tangu mwaka ule siandiki mahali. Nyuma ya picha naandika tarehe tu. Kumbukumbu kamili, yenye nambari za ramani, imo katika daftari moja ndani ya sanduku lenye kufuli, na nimemwagiza mwanangu mkubwa kwamba nikifa alipeleke kwa wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wao wenyewe mkononi. Siku hizi napigia picha simu, na mjukuu wangu ndiye aliyenigutusha kwamba simu huandika mahali ndani ya picha yenyewe bila kukuuliza. "Babu, ukimtumia mtu ua, umemtumia na njia," alisema. Alinizimia kitu hicho. Kila wiki humwomba aangalie kama bado kimezimwa.

Mwaka 2018 nilianza kuzirudisha. Yupo mzee mmoja mrina asali ambaye katika shamba lake ameacha mitundu kadhaa kwa ajili ya mizinga, na mti wenye mzinga huwa hagusi mtu. Nilimpelekea vipande vinne vya ile okidi ya chui ya mwaka 1994, ambayo ilikuwa imekuwa kubwa kuliko kiti, na miche miwili ya ile yenye mkia iliyochipua ubavuni mwa mama yake. Nilimweleza nia yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," aliniuliza, "sasa ulizichukua za nini kama unazirudisha?"

Nilianza kumweleza habari za matanuri. Akanikatiza kwa kicheko, akaenda kuleta ngazi.

Tulizifunga kwa katani, mahali mvua inapoteremkia. Katika vipande vinne vya okidi ya chui, viwili vilikauka mwaka wa kwanza, kimoja kiliungua kwa moto wa Agosti uliotoka shamba la jirani, na kimoja kipo, kimetoa sindano zake mpya na kuanza kuzoa majani. Ile miche miwili iliachia majani yote kila kiangazi, nami kila kiangazi nilidhani imekufa. Haikuwa na mtungi wala nailoni wala mtu wa kuihurumia.

Januari mwaka huu mzee alinipigia simu akasema nije na ngazi yangu, yake imeliwa na mchwa. Mche mmoja ulikuwa umechanua Desemba, maua manne, mimi sijui. Nilipofika yalikwisha nyauka. Kwenye kikonyo cha ua la tatu palikuwa na ganda la kijani, jembamba, limeanza kujaa. Kijiti changu cha meno hakijapata kufika kule. Nilimwuliza mzee kama aliona nondo wowote usiku, akasema usiku yeye hulala.

Nilipiga picha tatu. Moja ilitoka vizuri, nikaisafishia mjini, na nyuma yake nimeandika tarehe.